Dawa ya Majani na Kidonge cha Chuma

Mama mjamzito apewapo vidonge vya madini ya chuma kliniki, huenda akavimeza pamoja na dawa aliyoichemsha nyumbani, kama vile majani ya mpera au magome ya mwembe. Hapo ndipo kidonge hupoteza nguvu yake.

Majani na magome hayo yana tanini, kemikali za jamii ile ile iliyomo katika magome ya mkoko, ambayo hutumika kudabighi ngozi. Tanini hushikamana na chuma tumboni na kufanya msombo ambao utumbo hauwezi kuufyonza. Chuma hutoka na choo, na upungufu wa damu hubaki pale pale.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani. Saga kidonge cha feri salfeti, ukoroge unga wake katika maji, kisha utie chai ya rangi iliyokolea. Kimiminika hugeuka cheusi polepole. Wino wa Ulaya ya kale ulitengenezwa kwa kanuni hiyo hiyo. (Kisinywewe!)

Basi kidonge na kimezwe kwa maji ya chungwa, kwani vitamini C husaidia ufyonzwaji wa chuma, na dawa ya majani ingoje saa mbili au zaidi. Hata hivyo mjamzito amweleze mkunga kila dawa anywayo, maana kutenganisha saa hakuondoi sumu iliyomo katika baadhi ya miti.