Chubwi za Wavu: Risasi, Nondo au Saruji?

Anayesuka wavu mpya Matema, kando ya Ziwa Nyasa, huanza na nyuzi, kamba na maboya. Chubwi hukumbukwa mwishoni, mfuko ukiwa umeshakauka. Hapo ndipo betri mbovu ya gari inapopasuliwa, jiko la mkaa likawashwa na sufuria kuukuu ikatafutwa. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327, moto ambao mkaa huufikia bila taabu, na mwenye kalibu ya udongo husubu chubwi za wavu mzima kabla jua halijazama. Huonekana ni za bure.

Kabla ya kuhesabu faida hiyo, tuitazame mizani, maana ndiyo inayodanganya watu. Dukani unauziwa uzito wa nchi kavu, ilhali wavu unavutwa na uzito unaobaki chini ya maji. Kilo moja ya risasi ikizama hubakiza kama gramu 910. Chuma hubakiza 870, jiwe gumu la mlimani kama 630, na saruji iliyokandwa na mchanga karibu 580. Udongo wa kuchoma uko nyuma kabisa, hauzidi sana 470. Kwa hiyo gawanya bei ya kilo kwa kinachobaki majini ndipo ulinganishe. Tuseme, kwa mfano tu, risasi ni shilingi 6,000 kwa kilo na nondo chakavu ni 3,000. Kilo moja ya mvuto wa kweli itakugharimu kama 6,600 kwa risasi na 3,450 kwa nondo. Pengo kati ya risasi na chuma majini ni dogo kuliko wavuvi wengi wanavyodhani. Sifa ya risasi imekuzwa na wepesi wake wa kukunjika kwenye kamba bila zana zaidi ya nyundo.

Sifa yake nyingine ya haki ni udogo. Saruji yenye mvuto sawa na kilo moja ya risasi huchukua nafasi zaidi ya mara 7. Chubwi kubwa hunasa matundu ya wavu, hugongana wakati wa kuvuta na kujaza mtumbwi. Nondo haina shida hiyo sana: inazidi risasi kwa nusu tu ya ujazo. Ubaya wake ni kutu, ambayo hula kamba taratibu, na ncha za msumeno zinazokata nyuzi. Fundi wa kuchomelea akizipiga ncha hizo tupa na kupaka rangi, ubaya mwingi unaondoka. Mwambie akukatie vipande vifupi na kuchomelea kijipete kila kimoja. Mabaki ya nondo yamejaa kwenye karakana za Mwanjelwa, Mbeya mjini, na mara nyingi huuzwa kwa bei ya skrepa.

Turudi kwenye ile betri. Ndani yake mna asidi, na sehemu kubwa ya risasi yake ni uji na unga, si chuma safi. Unga huo ndio unaoruka, unaoganda kwenye nguo na kuingia nyumbani na baba. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa huharibu ubongo unaokua. Hatuhitaji kwenda mbali kwa ushahidi. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwaachia wakazi sumu hiyo, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kabwe (ya Zambia, si ile ya Mbeya mjini) mgodi ulifungwa mwaka 1994 na udongo bado una risasi. Jiko la uani ni dogo kuliko kiwanda, lakini mtoto anayecheza uani yuko karibu nalo zaidi.

Wapo wanaokwepa betri na kukusanya vile vipande vya kubalansi tairi kutoka gereji. Afadhali, ila siku hizi vingi ni zinki au chuma. Risasi hukwaruzika kwa ukucha na huacha alama ya kijivu kwenye karatasi; zinki haikwaruziki hivyo, na ikiingia kwenye chungu huvuruga myeyuko wote. Tone la maji ndani ya kalibu nalo hugeuka mvuke ghafla na kurusha risasi ya moto usoni. Jumlisha mkaa, muda na hatari hiyo, halafu uniambie bado ni bure.

Kwa Bwawa la Mtera, upande wa Migoli mkoani Iringa, sioni sababu yoyote ya kutumia risasi. Bwawa lina visiki vya miti iliyozama, wavu hunasa, chubwi hubaki huko. Kinachopotea kila mara kiwe cha bei ya chini: saruji iliyomiminwa kwenye vipande vya bomba la plastiki, tundu likiachwa katikati kwa kijiti kilichopakwa mafuta, kisha ilowekwe majini angalau wiki moja ili ikomae. Ukiharakisha itapasuka. Uingereza ilipiga marufuku kuuza chubwi ndogo za risasi za ndoano mwaka 1987 kwa sababu bata maji walikuwa wakizimeza na kufa. Mtera nako kuna ndege wengi.

Matema ni habari nyingine. Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja ziwani, kina kinaongezeka haraka, na chubwi nzito yenye umbo dogo ina kazi ya kweli. Hapo ningechagua nondo. Vyungu vya Wakisi wa Ikombe vinavyouzwa sokoni Lyulilo ni vizuri jikoni, lakini udongo wake kama chubwi ungehitaji karibu kilo mbili mahali pa kilo moja ya risasi, nao huvunjika kwenye mawe. Mwenye chubwi za risasi kwenye wavu wa zamani azihamishe zilivyo bila kuziyeyusha, asizibane kwa meno, na anawe mikono kabla ya kula.

Anayevua kwa mshipi na ndoano hana haja ya lolote kati ya haya. Nati iliyochakaa ya lori, kutoka gereji yoyote ya barabara kuu ya Tunduma, inafungwa uzi katika tundu lake na kazi imekwisha.