Kurudishiwa Kodi Marekani: Usimpe Mtu Kamisheni Kabla ya Kusoma W-2 Yako

Kabla hujamlipa mtu, chukua W-2 yako uisome. Ndiyo ile karatasi ya mshahara ambayo mwajiri anatakiwa kuitoa kufikia Januari 31. Visanduku vinne vinakutosha. Cha 2 ni kodi ya mapato ya serikali kuu uliyokatwa, cha 4 ni Social Security (mchango wa pensheni), cha 6 ni Medicare (bima ya afya ya wazee) na cha 17 ni kodi ya jimbo. Pesa ya kudai imo humo. Hakuna fundi wa kodi awezaye kukurudishia ambacho hukukatwa.

Mwanafunzi wa viza ya F-1, kwa miaka mitano ya kwanza ya kalenda, kwa kawaida huhesabiwa na sheria ya kodi kuwa mgeni asiye mkaazi. Aliyeingia Desemba ameshatumia mwaka mmoja. Fomu yake ya kodi ya mwaka ni 1040-NR, si 1040 ya kila mtu, na tofauti hiyo ndiyo inayowaponza wengi.

Mimi iliniponza. Mwaka wangu wa pili nilimlipa jamaa wa mtaani aliyeniahidi kunirudishia kodi yote. Alitimiza ahadi, kwa kunijazia 1040 ya kawaida. Fomu hiyo ina punguzo la jumla ambalo kwa mwaka 2024 lilikuwa dola 14,600 kwa asiye na mwenza, kwa hiyo mshahara wa kazi ya maktaba ulionekana kama hautozwi chochote. Mgeni asiye mkaazi hana haki ya punguzo hilo. Niliirudisha pesa pamoja na riba, nikafaili upya, na ada ya yule jamaa haikurudi. Tangu hapo, nikisikia mtu anaahidi kiasi kabla hajaona karatasi zangu, naondoka.

Mwenzako kutoka India anaweza kulipata punguzo lile kwa sababu nchi yake ina mkataba wa kodi na Marekani unaowaruhusu wanafunzi. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Usinakili fomu ya jirani.

Sasa bei. Anza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako. Vyuo vingi hununua programu ya kujazia kodi ya wageni na kuwagawia wanafunzi namba ya kuingilia bure. Uliza jambo moja: namba hiyo inalipia kodi ya serikali kuu peke yake, au na ya jimbo pia? Mara nyingi ya jimbo unajilipia, na ada hutokea ukurasa wa mwisho baada ya saa mbili za kujaza. Ikiwa kisanduku cha 17 kina dola 40, angalia kwanza tovuti ya idara ya kodi ya jimbo lako, kwani majimbo kadhaa hupokea fomu moja kwa moja bila malipo. Ukifanya kazi Texas au Florida hakuna kodi ya mshahara ya jimbo, basi usiuziwe fomu hiyo.

Chaguo la pili ni vituo vya VITA, wanakofaili watu wa kujitolea bila kulipisha. Si kila kituo kinashika 1040-NR, kwa hiyo piga simu kabla ya kupanda basi. Nafasi huisha haraka Machi ikiingia.

Programu ya kulipia ukiwa peke yako inafaa kama una W-2 moja na jimbo moja. Hakikisha inatoa 1040-NR, maana nyingi zinazotangazwa kwa Wamarekani hazina. Mhasibu ni ghali, lakini anafaa ikiwa una fomu ya 1042-S ya ufadhili, mishahara ya majimbo mawili, au umebadilisha viza katikati ya mwaka. Mlipe bei moja iliyotajwa mapema, si asilimia ya unachorudishiwa. Lazima atie sahihi na aandike PTIN, namba yake ya mtayarishaji kodi. Akikuambia utie sahihi peke yako, chukua karatasi zako.

Kuna na ada ya kificho: "usilipe leo, tutakata kwenye pesa yako ikirudi." Huduma hiyo ina malipo yake juu ya ada ya kufaili. Ikatae.

Pesa ya maana, kwa wengi wetu, iko kwenye visanduku vya 4 na 6. Mwanafunzi wa F-1 ambaye bado ni mgeni asiye mkaazi, akifanya kazi aliyoruhusiwa na viza yake, hatakiwi kukatwa Social Security wala Medicare. Waajiri wa nje ya chuo hukosea sana hapa. Makato hayo ni asilimia 7.65, kwa hiyo kibarua cha kiangazi cha dola 9,000 kimekunyang'anya dola 688.50.

Kuzidai hakugharimu ila stempu na subira. Mwandikie kwanza mwajiri akurudishie na akupe W-2c iliyosahihishwa. Akikataa au akinyamaza, jaza fomu 843 na 8316, ambatisha nakala za W-2, viza, I-94 (rekodi ya kuingia nchini) na I-20 (hati ya chuo), utume kwa posta kwa IRS, idara ya kodi ya serikali kuu. Jibu huchukua miezi. Wapo wanaotoza asilimia kwa kazi hii, na sioni wanacholipiwa.

Kama unarudi nyumbani, usifunge akaunti yako ya benki ya Marekani. IRS haiweki pesa kwenye akaunti ya nje ya nchi, na tangu Septemba 30, 2025 imeanza kuachana na hundi za karatasi. Hundi ya dola ikifika Nairobi au Dar, kuibadilisha kuna ada na kungoja. Kutuma fomu kwa kampuni ya vifurushi kutoka nyumbani nako kunaweza kumeza dai dogo. Faili kwa intaneti ikiwezekana.

Tarehe ya mwisho ya kufaili kwa mwenye mshahara ni Aprili 15. Ukichelewa, bado una miaka mitatu ya kudai: kodi uliyokatwa 2023 inadaika hadi Aprili 15, 2027. W-2 ikipotea, mwombe mwajiri wa zamani nakala, au omba IRS taarifa ya mishahara yako, ambayo hailipiwi.