Matoazi ya Bei Nafuu: Kwa Nini Sauti Zake Hutofautiana?

Mpiga dramu anayeingia dukani kununua matoazi ya kukanyaga, yale ambayo wanamuziki huyaita haihati, mara nyingi huwekewa mbele yake jozi mbili zisizotofautiana kwa macho. Zote ni za rangi ya manjano, zote zina kipenyo cha inchi 14, yaani sentimeta 36 hivi, na zote zina nundu katikati. Hata hivyo, bei ya jozi moja yaweza kuwa mara kadhaa ya bei ya nyingine. Zipigwapo kwa kijiti, tofauti hudhihirika: moja hutoa mlio mwembamba unaofifia polepole, nyingine hulia kama kifuniko cha sufuria na kunyamaza. Kwa kijana wa bendi au wa kwaya aliyedunduliza fedha kwa miezi mingi, si jambo dogo kujua tofauti hiyo imetoka wapi, na kama ni lazima mwenye fedha kidogo aridhike na sauti mbaya.

Haihati ni matoazi mawili yanayotazamana juu ya kiguu kimoja. Toazi la chini limetulia. La juu huinuliwa na kushushwa kwa kanyagio la mguu wa kushoto. Chombo hiki kilizuka Marekani katika miaka ya 1920, kwanza kikiwa karibu na sakafu, kisha kikainuliwa ili mkono nao uweze kukipiga. Katika miaka ya 1930, Jo Jones, mpiga dramu wa Count Basie, alisifika kwa kuuhamishia mwendo wa wimbo kwenye haihati badala ya kuutegemeza juu ya ngoma kubwa. Muziki wa dansi wa Kongo na Afrika Mashariki nao hukitegemea sana chombo hiki, hasa wimbo unapoingia katika sehemu yake ya kasi.

Jinsi sauti inavyozaliwa

Uzi wa gitaa ukipigwa, mitetemo yake hupangika kwa uwiano wa namba kamili, na sikio hutambua noti moja. Toazi ni bamba, wala si uzi. Hutetemeka kwa namna nyingi mno kwa wakati mmoja, na mitetemo hiyo haina uwiano mwepesi. Ndiyo maana sikio halisikii noti, bali mvumo. Aidha, toazi linapopigwa kwa nguvu, sehemu ya nishati ya mitetemo mizito huhamia kwenye mitetemo myembamba katika kipande kidogo cha sekunde. Uhamaji huo ndio unaozaa ule mchecheto ambao wapiga dramu huutafuta.

Mambo manne huamua tabia ya mvumo: aina ya metali, unene wa bamba, umbo lake, na namna lilivyofuliwa. Toazi nene hulia kwa sauti ya juu zaidi na huhitaji kupigwa kwa nguvu; jembamba huitika upesi, lakini hupasuka kwa urahisi zaidi. Kwa sababu hiyo toazi la chini la haihati kwa kawaida hufanywa zito kuliko la juu, ili mlio wa kukanyaga uwe mkavu na wazi.

Bati na gharama yake

Metali zinazotumika sana ni za namna tatu. Ya kwanza ni bronzi yenye takriban sehemu 80 za shaba nyekundu na 20 za bati. Mchanganyiko huu ndio uliotumiwa na Avedis Zildjian, Mwarmenia wa Konstantinopoli, katika karne ya 17, na ukoo wake uliendelea kuutumia baada ya kuhamishia kazi Marekani mwaka 1929. Bati jingi huleta mvumo mpana wenye mitetemo mingi, lakini huifanya metali kuwa dhaifu kama kigae ikiwa baridi. Kila kipande hulazimika kupashwa moto mpaka kiwe chekundu, kupitishwa kati ya magurudumu mazito, na kurudishwa tena tanuruni mara nyingi. Mwishowe hutumbukizwa majini. Chuma cha pua kikifanyiwa hivyo huwa kigumu na chepesi kuvunjika. Bronzi hii, kinyume chake, hupata unyumbufu, na ndipo nyundo inapoweza kuifua bila kuipasua. Mnunuzi, basi, hulipia zaidi moto na kazi ya mikono.

Namna ya pili ni bronzi yenye sehemu 92 za shaba na 8 za bati. Hii huweza kukandamizwa ikiwa baridi mpaka iwe bamba pana, kisha matoazi hukatwa humo kwa mashine. Mlio wake ni mkali na wa moja kwa moja. Isidhaniwe kwamba ni metali duni: matoazi ya Paiste yaitwayo 2002, yaliyotoka mwaka 1971 na kuheshimiwa mpaka leo, ni ya mchanganyiko huu huu.

Ya tatu ni shaba ya manjano, mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Ni rahisi kuipata na kuikunja, na ndiyo hutumika mara nyingi katika matoazi yanayouzwa pamoja na seti za kujifunzia. Mlio wake huwa mfupi na mzito, usio na mchecheto mwingi.

Kuchagua na kurekebisha

Mwenye fedha kidogo hapaswi kutazama mng'ao wala jina. Na achunguze kama bamba lina alama za nyundo zilizoingia kweli katika metali, au ni urembo uliogongwa juu tu. Apige taratibu, kisha kwa nguvu, na asikilize kama mlio unabadilika au unabaki uleule. Akanyage pia: ikisikika «pfu» badala ya «chik», huenda hewa imenaswa kati ya kingo mbili zinazokutana barabara. Kosa hilo haliponywi kwa fedha. Viguu vingi vina skrubu ndogo chini ya toazi la chini. Likiinamishwa kidogo, hewa hupata njia na mlio hufunguka.

Uhai wa matoazi nao una kanuni zake. Yasikazwe mno, maana toazi lisiloweza kuyumba hubeba pigo lote pahali pamoja na kupata ufa. Tundu la katikati lisigusane na chuma kitupu. Kipande cha mpira wa plastiki hulilinda. Ufa ukitokea, tundu dogo likitobolewa kwenye ncha yake huweza kuuzuia usiendelee, kwa kuwa mkazo uliokusanyika nchani husambazwa kwenye duara.

Shaba ya manjano haitageuka kuwa bronzi kwa ufundi wowote. Lakini jozi ya kawaida iliyochaguliwa kwa sikio, ikainamishwa vema na kulegezwa inavyotakiwa, yaweza kushika mwendo wa bendi kwa miaka mingi, ilhali jozi ya thamani iliyokazwa ovyo hupasuka kabla ya deni lake kumalizika kulipwa.