Kurasa Mbili za Otto Wichterle
Hapa maktabani ninapofanya kazi, vijana wa uzamili huniuliza: mwanasayansi huyu ana uzito gani? Wanachotaka ni kile kipimo kiitwacho h. Akiwa na h ya 20, ana makala 20 ambazo kila moja imerejelewa na watafiti mara 20 au zaidi. Jorge Hirsch alikibuni mwaka 2005, na kina manufaa yake. Mimi huwaonyesha Otto Wichterle.

Mkemia huyu wa Chekoslovakia, pamoja na mwenzake Drahoslav Lím, alichapisha mwaka 1960 katika jarida la Nature makala ya kurasa mbili tu kuhusu plastiki laini inayofyonza maji bila kuyeyuka. Krismasi ya 1961, nyumbani kwake Prague, aliunda mashine kwa vyuma vya watoto vya kuchezea na dainamo ya baiskeli, akatengeneza kwa plastiki hiyo lenzi laini za kuvaa jichoni. Makala ile hurejelewa na wakemia na pia wataalamu wa macho. Lakini mamilioni ya wanaovaa lenzi hizo hawaandiki marejeo, wala h haiwahesabu. Kijana wangu, kabla hujampima mtafiti kwa namba, soma alichoandika.