Mng'aro wa Jiwe la Tabaka Ni Sayansi Isiyosomeshwa

Mchongaji wa Tabaka anaposifiwa, aghalabu husifiwa mikono yake. Mnunuzi hulishika bakuli au sanamu ya kiboko, akastaajabia ulaini wake, akalipa na kwenda zake. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza jinsi jiwe lililotoka chimboni likiwa limefifia na kukwaruza lilivyopata mng'aro wa kioo. Swali hilo lingefaa kuulizwa kwanza na mwalimu wa sayansi, maana jibu lake limo katika kurasa za fizikia na kemia anazozisomesha kila muhula.

Sifa za Tabaka zimevuka mipaka ya Kaunti ya Kisii zamani. Katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris ipo sanamu ya ndege iliyochongwa na Elkana Ong'esa, mwana wa eneo hilo. Hata hivyo, kazi inayofanyika kati ya chimbo na duka huhesabiwa kuwa ujuzi wa kurithi tu, kana kwamba haina kanuni. Huo ni upungufu wetu sisi wasomi, wala si wa mafundi.

Tuitazame kazi yenyewe. Fundi hupenda kulichonga jiwe lingali na unyevu, kwani samaki hukunjwa angali mbichi. Baada ya panga, kisu na patasi kumaliza kazi yao, kina mama huchukua msasa, wakakisugua kifaa ndani ya maji, wakianza na msasa wa chembe nene na kumalizia na ule laini kabisa. Kisha kifaa hukaushwa, hupashwa joto kidogo, mara nyingi juani, na kupakwa nta. Hapo ndipo rangi ya waridi, ya maziwa au ya kijivu inapojitokeza.

Kwa nini ijitokeze? Uso wa jiwe lisilosuguliwa una vilima na mabonde madogo mno. Mwanga unapoupiga hutawanyika kila upande, na mwanga huo mweupe uliotawanyika huifunika rangi halisi ya jiwe. Msasa huvisawazisha vilima hivyo, na mwanga ukaakisiwa kwa mpango mmoja kama kwenye kioo. Maji nayo hujaza vinyweleo vya jiwe. Kwa kuwa maji huupinda mwanga kwa kiasi kinachokaribia kile cha jiwe kuliko hewa, mwanga hupenya ndani zaidi na kurejea ukiwa umebeba rangi. Ndiyo sababu jiwe lililolowa huonekana limekoza. Maji hukauka, rangi ikafifia tena, nta haikauki. Joto lile dogo huilainisha nta ili iingie vinyweleoni na kukaa humo. Fundi wa Tabaka, basi, anaitawala njia ya mwanga hata kama hajapata kusikia jina la kanuni hiyo.

Huo ni moto mdogo, ambao huugusa uso pekee. Moto mkubwa hugeuza hata muundo wa ndani. Mawe laini ya jamii hii hujengwa na madini yaliyojipanga tabaka juu ya tabaka, nayo matabaka hayo huteleza kwa urahisi. Mfano maarufu ni talki, madini laini kuliko mengi tuyajuayo. Talki ikichomwa kati ya nyuzi 800 na 1,000 za Selsiasi, hidrojeni na oksijeni zilizofungwa ndani yake hutoka kama mvuke, matabaka huvunjika, na fuwele mpya zilizo ngumu huundwa. Mafundi wa Harappa, katika bonde la mto Indus, walilijua jambo hilo zaidi ya miaka 4,000 iliyopita: walichonga shanga katika jiwe laini, kisha wakazichoma zikawa ngumu na nyeupe.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Matofali yanayochomwa vijijini huwa mekundu kwa sababu ya chuma kilichomo katika udongo. Palipo na hewa ya kutosha, moto hukigeuza chuma hicho kuwa oksidi nyekundu. Hewa ikikosekana tanurini, tofali hutoka na weusi. Udongo ni ule ule, moto ni ule ule, lakini hali ya tanuri imebadili rangi.

Na asiyeamini kwamba maarifa haya yana bei na aitazame tanzanaiti, kito kilichogunduliwa Merelani, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 1967. Vipande vyake vingi huchimbwa vikiwa na rangi ya kahawia. Vikipashwa joto la takriban nyuzi 500 hadi 600, kahawia hutoweka na buluu yenye zambarau hutawala. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya vito hivyo ilikatwa na kung'arishwa Jaipur, India. Mwenye mgodi alipata bei ya jiwe, na mwenye maarifa ya kulitengeneza akapata bei ya kito.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Ujuzi usio na jina darasani hulipwa sokoni kama jasho tu. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unawataka wanafunzi wajifunze kwa kutenda. Wa Tabaka wana maabara mlangoni pao. Mwalimu na achukue vipande vinne vya jiwe moja: kimoja kibaki kikavu na kukwaruza, cha pili kilowe, cha tatu kisuguliwe na kupakwa nta, cha nne kikaushwe kabisa kisha kichomwe polepole tanurini chini ya uangalizi wake. Tahadhari haina budi, kwani jiwe lenye unyevu likitiwa katika moto mkali ghafla huweza kupasuka. Wanafunzi wapime ugumu, walinganishe rangi na waandike walichokiona. Madini ya Tabaka hutofautiana, kwa hiyo matokeo ya Harappa hayawezi kunakiliwa tu. Kila aina ya jiwe sharti ijaribiwe.

Somo hilo lingeokoa hata afya. Mwanafunzi akifahamu kwamba maji ya msasa huzuia vumbi linaloharibu mapafu, hatakubali kusugua jiwe kavu kwa mashine bila kinga kwa sababu tu ni haraka. Tukimfunza mtoto wa mchongaji kwa nini jiwe la mzazi wake linang'aa, atakuwa na jambo la kuliboresha, na sababu ya kudai bei iliyo bora.