Kabla ya Kupiga Kiki: Jinsi ya Kufufua Injini Kuukuu ya Mipigo Miwili

Katika maboma mengi ya maafisa waliostaafu, na nyuma ya baadhi ya ofisi za zamani za umma, kuna pikipiki zilizosimama kwa miaka mingi. Miongoni mwa zinazojulikana zaidi ni Yamaha AG100 na DT125, zilizowafikisha maafisa wa nyanjani mashambani kabla ya boda boda za kisasa kuenea. Herufi AG zinatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kilimo. Pikipiki za aina hii hupita kutoka kwa mzazi hadi kwa mwana, au huuzwa kwa mnada pamoja na mali nyingine chakavu.

Mnunuzi huona bei nafuu na fremu imara. Asichokiona ni hali ya injini ndani. Mara nyingi petroli mpya humiminwa, kiki ikapigwa, injini ikaguruma, kisha baada ya kilomita chache ikakwama ghafla, au kama wasemavyo mafundi, ikanoki. Pesa za spea na za fundi huwa zimepotea, na kazi huanza upya.

Tofauti na boda boda ya leo

Boda boda nyingi za sasa zina injini ya mipigo minne. Oili yake hukaa chini ya injini na kuzungushwa kulainisha vyuma. Injini ya mipigo miwili haina oili ya aina hiyo kwenye kranki. Hewa na petroli hupitia kwanza katika kasha la kranki, chini ya pistoni, ndipo husukumwa juu kuchomwa. Oili inayolainisha kranki, beringi na pistoni husafiri pamoja na petroli hiyo, kisha huungua.

Kwa hivyo mambo mawili huamua uhai wa injini hii: oili ifike, na kasha la kranki lisivujishe hewa. Fundi aliyezoea mipigo minne pekee anaweza kubadilisha pistoni na ringi kwa ustadi, lakini akasahau mambo hayo mawili.

Kufungua bila kuharibu

Pikipiki iliyosimama muda mrefu haifai kupigwa kiki kwanza. Kutu ndani ya silinda inaweza kukwaruza ukuta wake na kuvunja ringi. Ni heri plagi itolewe, oili nyepesi kidogo imiminwe kwenye tundu lake, na injini iachwe kwa siku moja au zaidi kabla ya kuzungushwa polepole kwa mkono.

Silinda iliyokwama haipigwi nyundo kwenye mapezi yake ya kupoza, kwani huvunjika kwa urahisi. Sumaku hutolewa kwa kifaa chake maalum cha kuvutia, wala si kwa patasi. Silinda ikishatoka, kitambaa safi huzibwa kwenye mdomo wa kasha la kranki ili klipu ya pini ya pistoni isidondokee ndani.

Kupima, si kukisia

Silinda hupimwa sehemu ya juu, katikati na chini, na kwa pande mbili, kwa sababu huchakaa bila usawa. Ikiwa imezidi kipimo cha mtengenezaji, huchongwa upya katika karakana yenye mashine na kuwekewa pistoni kubwa zaidi. Kwa kawaida pistoni hizo huongezeka kwa hatua za milimita 0.25. Pistoni inunuliwe kwanza, kisha silinda ichongwe kulingana na kipimo chake.

Baada ya kuchonga, kingo za matundu ya silinda hulainishwa ili zisinase ringi. Kila ringi ina kipini kidogo kinachoizuia kuzunguka, na ncha zake lazima zikae hapo. Mshale ulio juu ya pistoni kwa kawaida huelekezwa upande wa ekzosi.

Sili zisizoonekana

Sehemu inayorukwa zaidi ni sili za kranki, kwa sababu kuzifikia huleta kazi zaidi. Hizi ni pete za mpira zilizo pande zote mbili za kranki, na mpira hukakamaa kwa kukaa. Sili ya upande wa sumaku ikivuja, hewa ya ziada huingia, mchanganyiko wa petroli hupungukiwa, joto hupanda na pistoni huweza kuyeyuka. Ya upande wa klachi ikivuja, oili ya gia hufyonzwa na kuungua. Dalili zake ni moshi mwingi mweupe na oili ya gia inayopungua bila kuonekana ikidondoka.

Beringi za kranki nazo hushika kutu pikipiki ikisimama. Kono la pistoni likicheza juu na chini linaposhikwa kwa mkono, kranki inahitaji kazi. Injini inapofunguliwa kufikia hapo, ni busara kubadilisha beringi na sili kwa pamoja.

Injini ikishafungwa, mianya ya kabureta na ekzosi huzibwa na hewa kidogo kusukumwa ndani, takriban pauni 6 kwa inchi mraba. Maji ya sabuni yakipakwa kwenye maungio, mapovu huonyesha panapovuja.

Oili na safari ya kwanza

AG100 na DT125 zina tangi dogo la oili na pampu inayoilisha injini. Pampu iliyokaa sana hutolewa hewa kabla ya kuaminiwa. Hadi ihakikishwe inafanya kazi, oili maalum ya mipigo miwili huchanganywa ndani ya petroli. Kwa uwiano wa 1 kwa 25, kila lita ya petroli huhitaji mililita 40 za oili, hivyo lita 5 huhitaji mililita 200. Uwiano ulio katika kitabu cha mtengenezaji ndio wa kufuatwa.

Injini mpya huwashwa mahali pa wazi, kwa kuwa moshi wake una gesi ya sumu, na huachwa ipoe kabla ya kuwashwa tena. Katika kilomita za mwanzo haivutwi hadi mwisho. Plagi ikitoka na rangi ya kahawia, mchanganyiko uko sawa. Ikiwa nyeupe, asiendelee kuiendesha hadi chanzo kipatikane.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi anashauriwa kulinganisha namba za fremu na injini na zile zilizo kwenye logbuku, na kuhakikisha umiliki unahamishwa kupitia NTSA. Oili chafu isimwagwe mtoni wala kwenye mitaro.

Anayemkabidhi fundi kazi hii anaweza kuanza na maswali mawili: je, sili za kranki zitabadilishwa, na oili itafikaje kwenye pistoni? Fundi anayeijua injini hii atayajibu bila kusita.