Shama na konde la adesi: uaminifu wa kiongozi hupimwaje?

Sura ya 23 ya Kitabu cha Pili cha Samweli ina orodha ya mashujaa wa Mfalme Daudi. Mmoja wa watatu wa juu ni Shama mwana wa Agee, na habari zake ni aya mbili tu. Wafilisti, maadui wa Daudi, walikusanyika penye konde lililojaa adesi, watu wakakimbia, Shama akasimama katikati ya konde na kulipigania. Mkulima wa Nyamiaga, wilayani Ngara, anayepanda maharage chini ya migomba, ana haki ya kuuliza: konde la adesi lina uzito gani hata mtetezi wake awekwe miongoni mwa watatu hao?

Tuanze na konde lenyewe. Adesi ni chakula cha jamii ya kunde, kama maharage. Kitabu cha Kwanza cha Samweli kinasimulia jinsi Wafilisti walivyopora viwanja vya kupuria nafaka huko Keila. Mvamizi wa namna hiyo huwaacha wenyeji walime na kupalilia, kisha anakuja mazao yakiwa tayari. Kaya iliyoporwa hukosa chakula cha msimu huu na mbegu ya msimu ujao. Kulitetea konde, basi, kulikuwa kutetea uhai wa kijiji.

Pili, tuwatazame waliokimbia. Aya hizo haziwalaumu. Kila mmoja akipima peke yake, ataona konde ni la wengi na roho ni yake, hivyo kukimbia kuna mantiki. Wote wakifikia uamuzi huo, mali ya wote inabaki bila mlinzi. Hapo ndipo tunapouona wajibu, yaani jambo linalompasa mtu kulitenda hata pale ambapo hakuna atakayemlaumu akiliacha.

Tatu, aya hazisemi kwamba konde lilikuwa la Shama. Tunachoambiwa ni mahali aliposimama: katikati, mahali pagumu kutorokea. Uaminifu, kwa maana tunayoitumia hapa, ni kuitunza mali ya wengine kwa bidii ambayo mtu angeitunzia yake. Na ushindi ulipopatikana, mwandishi aliuhesabu kuwa ni wa Mungu. Shama hakuachiwa sifa za kumfanya adai konde.

Jambo hili la mwisho lina uzito, kwa sababu ushujaa peke yake hautoshi. Aliyeokoa mali ya umma anaweza kujiona mwenye mali. Orodha ileile inafungwa na jina la Uria Mhiti, askari aliyekataa kulala nyumbani kwake wakati wenzake wako kambini. Daudi, aliyebaki Yerusalemu, alimchukua mkewe, kisha akaagiza Uria awekwe mahali ambapo vita ni vikali ili afe. Uaminifu wa askari haukumlinda dhidi ya mfalme. Ilibidi nabii Nathani aende kumwuliza mfalme ana kwa ana.

Kwa hiyo tunahitaji sehemu ya pili ya kipimo chetu: uwajibikaji, yaani kutoa hesabu kwa waliokukabidhi dhamana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania ya mwaka 1999 imeuweka wazi. Halmashauri ya kijiji husimamia ardhi kama mdhamini anayetunza mali kwa faida ya wanakijiji. Haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18. Katika kila mkutano mkuu wa kawaida inapaswa kutoa taarifa na kuzingatia maoni ya wananchi. Mama anayenyoosha mkono na kuuliza kipande fulani amegawiwa nani, na kwa idhini ya kikao gani, anafanya kazi ya Nathani.

Sasa tunaweza kutoa hukumu. Kiongozi mwaminifu hupimwa kwa maswali mawili: wengine walipokimbia, alisimama wapi? Na hatari ilipopita, alimtolea nani hesabu? Anayejibu la kwanza pekee ni shujaa, lakini bado si wa kukabidhiwa ardhi ya kijiji. Viongozi wa vijiji waliochaguliwa tarehe 27 Novemba 2024 wamepewa miaka mitano. Mkutano mkuu ukiitishwa kijijini kwenu, nenda ukawaulize yote mawili.